Kwa Nini Kichwa Kimoja Kipigwe Picha Mbili?

Mjomba wangu wa hapa Kamembe alianza kuona vitu viwiviwili. Daktari akashuku uvimbe kwenye kitako cha fuvu, yaani mfupa ule ambao ubongo umeukalia. Akamtuma Kigali apigwe picha ya CT, kisha ya MRI. Nyumbani tukanung'unika: ng'ombe auzwe kwa ajili ya picha ya pili? Nikamwuliza daktari, naye akanieleza hivi.

Kitako cha fuvu kina matundu mengi, ambamo hupita mishipa ya damu na ya fahamu. CT, ambayo mgonjwa wa kwanza alipigwa mjini London mwaka 1971, hutumia miali ya eksirei inayozunguka kichwa. Huonyesha mfupa vizuri sana: umeliwa wapi, tundu lipi limepanuka. Tena ni kazi ya dakika chache. Lakini nyama laini haizibainishi vema.

MRI haitumii eksirei, bali sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio. Hiyo huonyesha uvimbe wenyewe, kama umegusa ubongo au umebana mshipa wa fahamu. Mgonjwa hulala bila kutikisika kwa nusu saa hivi, na mwenye chuma mwilini lazima aseme kwanza.

Basi, mpasuaji ahitaji kuujua mfupa na nyama pia kabla ya kushika kisu. Ng'ombe aliuzwa, wala hatukujuta: picha ya pili ndiyo iliyoonyesha mshipa unaogeuza jicho umebanwa.