Mshale Kwenye Waya wa Spika: Je, Una Kazi?

Kikundi kimoja kinachokodisha vyombo vya sauti kwa harusi, matanga na harambee kimetuletea swali. Spika zao mbili zilikuwa na sauti nyembamba, bila ule mdundo mzito. Muuzaji mmoja akawaambia wanunue waya wa bei ghali wenye mshale, ati mshale ukielekea kwa spika sauti itakuwa safi. Je, mweka hazina atoe pesa?

Tuliwaambia wangoje kwanza.

Kwa nini mshale hausaidii

Stima ya betri huenda upande mmoja tu. Lakini stima inayotoka kwa amplifaya hadi kwa spika huenda na kurudi, kama msumeno unaovutwa na watu wawili. Kwa mlio mzito huweza kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde moja; kwa sauti ya mtu ni mara mia na zaidi. Shaba iliyo ndani ya waya huipitisha sawasawa pande zote mbili. Basi ukigeuza waya, ncha ya amplifaya ikaja kwa spika, sauti ni ile ile. Jaribuni wenyewe: mmoja ageuze waya wengine wasione, halafu waseme kama wamesikia tofauti.

Mambo ya kuangalia

1. Alama. Nyekundu (+) ya amplifaya iende kwa nyekundu ya spika, na nyeusi (−) kwa nyeusi. Spika moja ikifungwa kinyume, hii inasukuma hewa wakati ile inaivuta, na mdundo unapotea. Hapa ndipo tulipokuta shida ya kikundi hiki. Kuirekebisha hakukugharimu hata senti moja.

2. Unene na urefu. Waya mwembamba na mrefu hula nguvu njiani. Tuseme spika imeandikwa 8 Ω na iko mita 20 kutoka kwa amplifaya. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.75 utakula karibu asilimia 10 ya nguvu. Ule wa 2.5 utakula kama asilimia 3 tu.

3. Viungo. Kazeni ncha vizuri, na mkwangue shaba iliyochafuka. Nyuzi za + na − zisigusane, kwa maana amplifaya inaweza kuungua. Zimeni kabla ya kushika waya.

Pesa za kikundi ni jasho la wanachama. Mkienda dukani, mwulizeni muuzaji maswali mawili: waya huu una unene gani, na ni shaba tupu au imepakwa juu tu? Akianza kuwaonyesha mshale, mshukuruni na mwende duka lingine.