Amana Isitiwe Mfukoni

Hivi karibuni tulikuwa Ngombezi, Wilaya ya Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge. Katika ofisi moja ya huko tulielezwa jambo ambalo, kwa maoni yetu, linawahusu vilevile watendaji wa Unguja na Pemba. Ndiyo sababu tunalileta mbele ya wasomaji wetu wa visiwani.

Karani wa ofisi hiyo aliweka katika kompyuta hesabu za wakulima wadogo: eneo la kila mmoja, uzito wa singa zake, mkopo wake na makato yake. Ofisi haina printa. Kwa hiyo kila wiki alitia hesabu zote katika flashi akaenda kuzichapisha kwenye duka la stesheneri mjini. Siku moja flashi ilirudi na virusi. Ilipochomekwa tu, mafaili yakatoweka machoni, pakabaki vialama visivyofunguka, na kompyuta yenyewe ikaugua. Nakala nyingine haikuwapo. Iliwapasa kurudia vitabu vya karatasi, ukurasa kwa ukurasa, na baadhi ya kurasa zilikwisha liwa na mchwa.

Jambo hili si dogo. Mkonge hukaa ardhini miaka mitatu hivi kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na muda wote huo haki ya mkulima imo katika maandishi. Yakipotea, mkulima atadai kwa ushahidi gani? Tulifundishwa chuoni, tungali watoto, kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa kamili. Hesabu za watu ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inamtaka mwenye kukusanya taarifa azilinde zisipotee wala zisifikiwe na asiyehusika.

Wakubwa wa dunia nao wameonja. Mwaka 2007 Serikali ya Uingereza ilipoteza njiani diski mbili zenye taarifa za watu milioni 25. Mwaka 2008 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipiga marufuku flashi baada ya kirusi kupenya katika mitandao ya jeshi. Mwaka 2010 ikalegeza, kwa masharti.

Hapa kwetu wapo watakaosema: basi nasi tupige marufuku, waraka utoke kesho. Sisi hatuafiki. Twakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali ilizuia kompyuta zenyewe kuingizwa nchini, na ujuzi wetu ukachelewa. Tena waraka mtupu hauzuii kitu. Ukimnyang'anya karani flashi bila kumpa njia nyingine, atapiga picha orodha kwa simu yake na kuituma kwa WhatsApp, na hapo amana itakuwa imekwenda mbali zaidi.

Linalotakiwa ni kudhibiti. Kompyuta yenye hesabu za watu yaweza kupangwa ikatae flashi huku kibodi na kipanya vikiendelea kufanya kazi. Fundi wa Wilaya hahitaji siku nzima kwa kazi hiyo. Pale ambapo flashi haikwepeki, iwe mali ya ofisi, yenye namba, iliyofungwa kwa nywila, na itolewe kwa sahihi kama itolewavyo gari ya Serikali. Ikirudi, ikaguliwe kwanza katika mashine isiyounganishwa na nyingine. Nakala ya hesabu ihifadhiwe kila wiki katika jengo jingine.

Visiwani hali haiko mbali na hiyo. Afisa hupanda boti kutoka Pemba kwenda Unguja na flashi ya orodha za mishahara mfukoni, pamoja na funguo za nyumba yake, na jioni mwanawe huitumia flashi hiyohiyo kutilia nyimbo. Hatusemi kwa kubahatisha. Tumeyaona, na sisi wenyewe tumewahi kuyafanya.

Karani wa Ngombezi hakubisha tulipomweleza haya. Aliuliza jambo moja tu: matundu yakifungwa, orodha ya malipo ya wakataji ya mwisho wa mwezi ataichapishia wapi? Tunalifikisha swali hilo kwa wanaopanga bajeti za ofisi za namna hiyo, bara na visiwani. Printa moja ingetosha.