Dumuzi na Scania: Majina Mawili ya Mharibifu Mmoja wa Nafaka Mkoani Tabora

Mwaka 1981 wataalamu walithibitisha kuwapo mkoani Tabora kwa mdudu mgeni wa ghalani. Jina lake la kisayansi ni Prostephanus truncatus, na asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Inasadikiwa kwamba aliingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 pamoja na mahindi kutoka ng'ambo. Katika maelekezo ya kilimo aliitwa dumuzi. Wakulima wengi walimwita Scania.

Jina hili la pili, la lori zito la mizigo, lastahili kuzingatiwa. Laweza kufasiriwa kwa namna mbili. Kwanza ni nguvu. Mkulima alikuwa akimjua fukusi, ambaye hula punje polepole. Dumuzi, mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4 tu, hutoboa hindi likiwa bado kwenye gunzi, kwani punje iliyoshikamana humpa mahali pa kujikaza, naye huacha unga mtupu. Uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania katika miaka ya 1980 ulionyesha mahindi ya ghalani yakipoteza hadi asilimia 34 ya uzito wake katika miezi michache. Makopa ya muhogo, ambayo ndiyo kinga ya kaya mwaka wa njaa, huharibiwa zaidi ya hapo.

Pili ni safari. Nzega ipo mahali ambapo barabara ya Tabora hukutana na ile itokayo Singida kwenda Shinyanga na Mwanza. Misafara ya karne ya 19 iliyopitia Unyanyembe ilikwenda kwa mwendo wa mpagazi. Gunia lililo ndani ya lori huvuka mikoa kwa siku moja, na mdudu aliyemo huvuka nalo. Mwaka 1983 alikwisha kuonekana Taveta, nchini Kenya. Katika hili jina Scania lina maarifa ambayo jina dumuzi halina: lamtaja mharibifu pamoja na chombo kinachoweza kumsafirisha.

Hata hivyo, jina hilo lina upungufu wake, nao ni wa hatari. Lori hushusha mzigo likaondoka. Mdudu huyu haondoki. Yeye ni wa jamii ya watoboa miti, na fito za kihenge kitupu humhifadhi hadi mavuno mapya yaingie. Ndiyo maana mkulima alishauriwa kuacha desturi ya kuhifadhi mahindi na magunzi yake, ayapukuchue, kisha achanganye gramu 100 za dawa ya unga kwa kila gunia la kilo 90. Dawa yenyewe ni mchanganyiko wa viuatilifu viwili, pirimifosi-methili kwa fukusi na permethrini kwa dumuzi. Lakini kupukuchua mavuno yote kwa wakati mmoja ni kazi kubwa, aghalabu ya wanawake, na dawa hununuliwa kwa fedha taslimu. Kwa kaya isiyo na fedha hiyo, lililobaki ni kukifagia kihenge kabla ya mavuno na kuzichoma fito zilizotobolewa.