Mazoezi ya Nguvu, Sonona na Afya ya Moyo kwa Wanaume wa Pwani ya Bagamoyo

Mvuvi wa Bagamoyo avutaye nyavu kila alfajiri anaweza kuhoji: mazoezi ya nini tena? Makala haya yanatetea hoja kwamba kazi ya sulubu si tiba. Mazoezi ya nguvu huongeza uzito hatua kwa hatua na kuipa misuli siku za kupumzika. Sulubu hufuata bamvua na madeni. Uchambuzi wa majaribio 33 yenye washiriki 1,877, uliochapishwa mwaka 2018, ulionesha kwamba mazoezi hayo hupunguza dalili za sonona. Aidha, huweza kushusha shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau siku mbili kwa wiki. Hata hivyo, mwenye shinikizo la juu la damu apimwe kwanza, asizuie pumzi anaponyanyua, wala asiache dawa: mazoezi ni nyongeza ya matibabu, si mbadala wake.