Elimu ya Utu Uzima
Sehemu ya Pili: Moyo Wenye Shughuli

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulizungumza juu ya kipawa cha mtoto, na namna wazazi na walimu wanavyoweza kukikuza au kukidumaza. Leo tunamgeukia mtu ambaye wasomaji kadhaa walituuliza habari zake, yaani yule aliyekwisha kuoa au kuolewa, akazaa, akazika, akabeba mizigo ya aila yake kwa miaka mingi, kisha siku moja akahisi kwamba ndani yake mna jambo ambalo halikupata nafasi ya kutoka. Mtu huyu akithubutu kulitamka jambo lake mbele ya watu, aghalabu hujibiwa kwa methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, na mazungumzo yakaishia hapo. Methali ile ni kweli mahali pake, na mahali pake ni malezi. Huwaonya wazee wasichelewe kumrudi mtoto. Haikutungwa iwe hukumu juu ya mtu mzima anayetaka kujikunja mwenyewe kwa hiari yake.

Waarabu nao wana msemo wao kwamba kujifunza utotoni ni kama kuchora nakshi juu ya jiwe. Al-Mawardi, kadhi wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, na mmoja wa wanazuoni wakubwa wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo madhehebu ya watu wengi wa mwambao wetu, ameeleza katika kitabu chake cha adabu za dunia na dini kwamba msemo huo ulitajwa mbele ya al-Ahnaf bin Qais, mkuu wa kabila la Tamim aliyesifika kwa upole na busara. Al-Ahnaf hakuukubali ukapita hivi hivi. Alijibu kwamba mkubwa ana akili zaidi kuliko mdogo, ila moyo wake una shughuli nyingi zaidi. Nimesoma mengi juu ya jambo hili, ya kale na ya siku hizi, wala sijaona mahali lilipofafanuliwa kwa maneno machache kuliko hayo. Maana yake ni kwamba tatizo la mwanafunzi wa makamo halimo katika chombo cha kupokelea elimu. Limo katika vitu vilivyokwisha kujaa ndani ya chombo hicho: deni la duka, mtoto mgonjwa, shamba lisilopaliliwa, na juu ya yote hayo, hofu ya kuchekwa.

Madhehebu hayo hayo ya Shafi yana mfano ulio mzuri sana. Abu Bakr al-Qaffal wa mji wa Marw, katika nchi ya Khurasan, alikuwa fundi wa makufuli, na hadithi zake husema kwamba alikuwa hodari hata aliweza kutengeneza kufuli pamoja na ufunguo wake vikawa na uzito wa punje chache tu. Alifika miaka thelathini akiwa katika kazi hiyo, ndipo akaanza kusoma fikihi, tangu mwanzo kabisa, pamoja na wanafunzi waliokuwa na umri wa kuwa wadogo zake au wanawe. Alipofariki mwaka 1026 alikuwa imamu wa Mashafi wa Khurasan. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Abu Muhammad al-Juwayni, baba wa yule Imam al-Haramain aliyemsomesha al-Ghazali. Basi kila anayejivunia kusoma vitabu vya al-Ghazali katika madrasa za Lamu au Unguja hana budi kukumbuka kwamba katika silsila ya elimu ile yumo mhunzi mmoja aliyechelewa.

Wataalamu wa siku hizi wana vyombo vya kutazamia ubongo wa mtu aliye hai, na waliyoyaona hayapingani na al-Ahnaf. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake wa Chuo Kikuu cha London walitangaza uchunguzi wao juu ya madereva wa teksi wa mji huo, ambao hawapewi leseni mpaka wahifadhi kichwani maelfu ya mitaa, kazi inayochukua miaka mitatu, minne. Sehemu ya ubongo inayohusika na kukumbuka njia na mahali ilionekana kuwa kubwa zaidi kwao upande wa nyuma kuliko kwa watu wengine. Wakosoaji walisema, kwa haki, kwamba huenda wenye ubongo wa namna ile ndio wanaovutwa na kazi ile. Na mwaka 2011 ukatangazwa uchunguzi mwingine uliowafuata wanafunzi tangu mwanzo wa mafunzo, ukaonyesha kwamba mabadiliko yale yaliwatokea waliofaulu baada ya kusoma, nao walikuwa watu wazima. Ni kweli kwamba wepesi wa kukariri jambo jipya hupungua kadiri miaka inavyoongezeka, na hakuna faida kumdanganya mzee juu ya hilo. Lakini kupungua si kukoma.

Tuje sasa kwetu, kwa mwanamke ambaye maisha yake, kwa rai yangu, ni somo refu kuliko yote katika bab hii. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, yapata mwaka 1880, katika aila iliyokuwa na asili ya utumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Riziki ya kwao ilitokana na udongo: vyungu, mitungi na vyetezo. Binti huyu hakupata chuo wala shule. Alijifunza kufinyanga, na vyungu vilipokwisha kuchomwa alivitia kichwani akaenda navyo mjini kwa miguu, mwendo wa saa kadhaa, akivinadi kwa sauti. Sauti ile haikuwa sanaa machoni pa mtu yeyote, wala pengine machoni pake mwenyewe. Ilikuwa ni njia ya kuuzia vyungu.

Mwaka 1911 alihamia mjini, na umri wake ulikuwa wa miaka thelathini hivi, umri ambao mwanamke wa zama zile, aliyekwisha kuolewa, kuachwa na kuzaa, alihesabiwa kuwa amekwisha kujulikana ni nani na atakuwa nani. Mjini alikutana na Ali Muhsin, mtu aliyeujua muziki wa Kiarabu, akamfundisha kuimba. Msomaji na afikiri kidogo uzito wa kazi ile. Taarabu ya siku zile ilikuwa ni jambo la ikulu na la vilabu vya mabwana. Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Mwanamke wa shamba asiyejua herufi alilazimika kuzishika nyimbo ndefu za lugha ya watu kwa sikio peke yake, ubeti kwa ubeti, tena kwa matamshi ambayo wenye lugha yao wangeyasikia na kuyahukumu. Alichokuwa nacho badala ya herufi ni sikio lililozoezwa na miaka mingi ya kunadi, na pumzi ya mtu aliyetembea Fumba hadi mjini na mzigo kichwani. Mambo mawili haya hakuyapata kwa mwalimu. Aliyapata katika kazi ile ile ambayo waliomdharau waliiona kuwa ndiyo alama ya unyonge wake.

Dharau hazikukosekana. Waliimba nyimbo za kumkejeli kwa asili yake na kwa sura yake, naye akawajibu kwa wimbo. Aliendelea na wenzake, kina Subeti bin Ambar, Mbaruk Talsam, Budda bin Mwendo na Maalim Shaaban, wakaitoa taarabu katika Kiarabu wakaitia katika Kiswahili, na wakaimba visa vya mjini: mwizi, hakimu, mwanamke aliyedhulumiwa. Mwezi Machi mwaka 1928 walivuka bahari hadi Bombay kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya HMV, na santuri zile zikaenea pwani nzima hata bara. Siti alikuwa akikaribia miaka hamsini. Alipofariki mwaka 1950 alikwisha kuzungumza na Shaaban Robert, aliyemwandikia wasifu. Na mwanamke aliyeshindwa kuandika jina lake akawa na kitabu ambacho watoto wa shule wamekisoma vizazi baada ya vizazi.

Sikulileta jambo hili ili kila msomaji wa makamo adhani kwamba Bombay inamngoja. Wengi waliojifunza ukubwani hawakutokea kuwa mashuhuri, wala hawakukusudia. Nimelileta kwa sababu watu huuliza, “Nitajuaje kusudi la maisha yangu?” kana kwamba kusudi ni barua iliyopotea posta, nao wameketi kuingojea. Hakuna dalili yoyote kwamba Siti alitoka Fumba akilijua kusudi lake. Alitoka kutafuta maisha yaliyo nafuu. Kusudi lilimjia akiwa kazini, baada ya wimbo wa kwanza kumlazimisha kujifunza wa pili.

Mfano wa Kimani Maruge wa Kenya unajulikana kwa wengi, kwa hiyo nitaupitia upesi. Elimu ya msingi ilipofanywa bure nchini humo mwaka 2003, mzee huyu, aliyepigana katika vita vya Mau Mau, aliusikia ujumbe ule kuwa unamhusu naye, na mwezi Januari mwaka 2004, akiwa na umri uliokadiriwa kuwa miaka 84, aliandikishwa darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, akavaa sare, kaptula na soksi ndefu. Haja zake zilikuwa mbili, nazo ni za mtu mzima hasa: kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe asitegemee tafsiri ya mhubiri, na kujua hesabu ili fedha zake zisipunjwe. Wapo waliolalamika kwamba anakula nafasi ya mtoto. Mwaka uliofuata alikwenda New York kuzungumza juu ya elimu katika Umoja wa Mataifa, na vurugu za baada ya uchaguzi zilipomfukuza nyumbani, aliendelea kwenda shule akitokea kambini. Alifariki mwaka 2009 bila ya kumaliza shule ya msingi, jambo ambalo wengine hulitaja kwa masikitiko, nami silioni kuwa la kusikitisha.

Tanzania ililifanya jambo hili kuwa la taifa zima. Hesabu za mwaka 1967 zilionyesha kwamba watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kufikia mwaka 1986 serikali ilisema waliobaki hawajui ni kama 10 katika 100. Baadaye madarasa yalilegea na idadi ikapanda tena. Katika miaka ya sabini nilipata kuketi nyuma ya darasa moja la kisomo cha manufaa katika Mkoa wa Mwanza, jioni, katika shule ya kijijini. Mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba. Aliingia akasema, “Shikamooni,” na wanafunzi wake, ambao wengi walikuwa rika la mama yake, wakaitikia kwa pamoja, “Marahaba, mwalimu.” Sijasikia tena salamu iliyopanga heshima za pande zote mbili vizuri namna ile.

Kitabu chao kilihusu kilimo cha pamba. Mama mmoja alikandamiza penseli kwa nguvu za mkono uliozoea jembe hata ncha ikavunjika, akaomba radhi. Kijana akasema, “Hapana neno, mama, tutaichonga,” akatoa wembe mfukoni akaichonga. Ikavunjika tena, ikachongwa tena. Alipokwisha kuandika neno lake hakuuliza kama ni zuri. Aliuliza ni lini watafika kwenye tarakimu, kwa maana msimu wa kuuza pamba ulikuwa karibu, naye alitaka kuisoma mizani mwenyewe kabla karani hajaitangaza. Wenzake walicheka, lakini walicheka kicheko cha watu waliopatwa na jambo lile lile, na mwalimu, ambaye kitabu chake kilikuwa bado mbali na tarakimu, alifuta ubao akaanza kuandika moja mpaka kumi.

Yule mama alikuwa na moyo wenye shughuli kama al-Ahnaf alivyosema, lakini hapa nathubutu kuliongezea kidogo neno la mzee yule. Shughuli zinazoujaza moyo wa mtu mzima zaweza kumzuia asisome, na hizo hizo zaweza kumsukuma asome, ikiwa mwalimu ana busara ya kuanzia pale shughuli ilipo. Mtoto husoma kwa sababu ameambiwa. Mtu mzima aliyepunjwa kwenye mizani hahitaji kuambiwa. Kosa la programu nyingi za elimu ya watu wazima, na nimeziona zikianza kwa ngoma na kufa bila matanga, ni kumpa mzee kitabu cha mtoto kilichobadilishwa jalada, kisha kumlaumu kwamba hahudhurii.

Na kosa letu sisi majirani ni kicheko. Mtu wa miaka hamsini anayejifunza udereva, au cherehani, au kusoma Kurani kwa tajwidi kutoka kwa ustadhi aliye rika la mwanawe, huweza kuvumilia ugumu wa somo, kinachomrudisha nyumbani ni neno lililosemwa barazani, “Huyu naye anataka nini sasa?” Ninawajua watu walioacha kwa neno hilo moja. Anayeweza kuanza kwa siri na aanze kwa siri, si kwa sababu jambo lake ni la aibu, bali kwa sababu mwezi wa kwanza ndio mgumu, na hauhitaji mashahidi.

Kwa wasomaji walioandika wakitaka kujua njia zilizopo leo, yaani madarasa ya MUKEJA, Mtihani wa Maarifa ambao wengi huuita QT, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi zao, tutaeleza masharti yake moja baada ya jingine katika sehemu ya tatu, pamoja na suala la saa: ni saa ipi katika siku ya mwenye duka, ya mkulima, na ya mama mwenye watoto wadogo, inayoweza kuokolewa.