CHAMBUA KABLA YA KUSAGA
Tujikinge na sumukuvu katika unga wa ugali na uji wa mtoto

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kilichomo katika kila jiko la parokia zetu, nacho ni unga. Familia nyingi za Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju hununua unga uliokwisha sagwa. Nyingine hununua mahindi kwa debe au kwa gunia na kuyapeleka mashineni, na nyingine hupokea kiroba kutoka kwa ndugu wa Dodoma, Morogoro au Songea. Njia zote hizi ni za kawaida, lakini zote zinaweza kuingiza nyumbani sumu isiyoonekana kwa macho, isiyo na harufu wala ladha. Sumu hiyo inaitwa sumukuvu.

Kliniki huwa tunaulizwa: "Nesi, mahindi yameota ukungu kidogo. Nikiyaosha, nikayaanika juani, si yatafaa kwa uji?" Jibu letu ni hapana, nasi tungependa kila mama na kila baba aelewe sababu yake.

Sumukuvu ni nini?

Ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu, yaani ukungu, hasa ile ambayo wataalamu huiita Aspergillus flavus. Kuvu hii huishi udongoni. Huingia katika mahindi na karanga yakiwa bado shambani, hasa mvua zinapokatika mapema na jua likawa kali, au wadudu wanapotoboa punje. Baada ya mavuno huendelea kukua ikiwa mazao hayakukauka sawasawa. Joto na unyevunyevu wa pwani yetu huisaidia sana, na ndiyo maana gunia lililofika Dar es Salaam likiwa zima laweza kuharibika katika kona ya chumba kwa majuma machache.

Dunia iliifahamu sumu hii baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa huko Uingereza. Uchunguzi ulionyesha kuwa walilishwa mashudu ya karanga zilizoota kuvu.

Kwa binadamu wa Afrika Mashariki somo limekuwa chungu zaidi. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya kama vile Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu. Hapa kwetu, mwaka 2016, ugonjwa huo uliingia vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 walifariki. Walikula ugali wa mahindi yao wenyewe kama ilivyo desturi.

Inadhuru namna gani?

Kwanza, mtu akila sumu nyingi kwa muda mfupi, ini huharibika. Hutapika, tumbo huuma na kuvimba, miguu hujaa, na macho na ngozi huwa ya manjano. Mwenye dalili hizi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hakuna dawa inayoondoa sumukuvu mwilini. Tunachoweza ni kumsaidia mgonjwa wakati mwili wake unapigana.

Pili, kiasi kidogo kinacholiwa kila siku kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya ini. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, maana adui wawili hushambulia ini moja. Kinga dhidi ya virusi hivyo imo katika chanjo za watoto wachanga nchini mwetu tangu mwaka 2002. Mzazi asiyempeleka mtoto kliniki katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anamnyima kinga hiyo.

Tatu, ni ukuaji wa watoto. Utafiti uliofanyika Benin na Togo na kutangazwa mwaka 2002 ulipima damu ya watoto wadogo 480. Karibu wote walikuwa na alama za sumukuvu, na waliokuwa na kiasi kikubwa zaidi ndio waliokuwa wafupi na wepesi zaidi kwa umri wao. Hapa Tanzania watafiti walifuatilia watoto 166 wa Tabora, Iringa na Kilimanjaro. Alama za sumukuvu zilionekana katika damu ya wengi wao, na sumu nyingine ya kuvu ya mahindi, iitwayo fumonisini, ilionekana kuambatana na kudumaa. Kudumaa kuna sababu nyingi: chakula duni, kuhara, minyoo, malaria. Lakini mama anayejitahidi kupika uji wa lishe mara tatu kwa siku anastahili kujua kwamba uji huo unaweza kuwa na kitu kinachovunja kazi yake.

Mbona tunapika?

Wengi hudhani moto huua kila kitu. Moto huua vijidudu, lakini sumukuvu si kijidudu. Ukungu hufa, sumu yake hubaki. Ugali uchemke vipi, karanga zikaangwe vipi, haiishi. Kuosha na kuanika nako hakutoshi, kwa sababu sumu imo ndani ya punje.

Tena punje zote za gunia hazifanani. Mara nyingi sumu hukaa kwa wingi katika punje chache, na zilizobaki huwa salama. Punje hizo chache zikishasagwa pamoja na nzuri, hakuna awezaye kuzitenganisha tena. Wazee walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Ndivyo unavyokuwa unga. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi hapa Tanzania ni maikrogramu 10 tu kwa kilo moja, sawa na sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Punje chache mbovu sana zatosha kuvuka kiwango hicho.

Wataalamu wamegundua nini?

Habari njema ni kwamba utafiti umeleta njia za kujikinga. Kwa wakulima, taasisi ya utafiti wa kilimo iitwayo IITA, ambayo ina kituo chake hapa Mikocheni, imeshirikiana na watafiti wengine kutengeneza kinga ya shambani iitwayo Aflasafe. Wamechukua kuvu wa jamii ile ile wasio na uwezo wa kutengeneza sumu, wakawabandika kwenye punje za mtama zilizokwisha uawa ili zisiote. Mkulima hunyunyiza mtama huo shambani majuma mawili au matatu kabla ya mahindi kutoa maua. Kuvu wasio na sumu hutangulia kushika nafasi, wenye sumu wakakosa pa kukaa. Aina mbili za kinga hiyo zilisajiliwa Tanzania mwaka 2018. Mwenye ndugu mkulima amwambie aulize kwa bwana shamba.

Kwa sisi wa mjini, utafiti wa Malawi wa mwaka 2015 una maana kubwa zaidi. Watafiti walilinganisha njia za nyumbani: kuchambua kwa mkono, kuelesha mahindi majini na kuondoa yanayoelea, na kukoboa. Kuchambua kwa mkono ndiko kulikoondoa sumu nyingi zaidi. Kwa hiyo ungo wa mama, uliodharauliwa tangu mashine zilipoingia, ni chombo cha afya.

Tufanye nini nyumbani?

1. Chambua kabla ya kusaga. Mwaga mahindi kwenye ungo mahali penye mwanga. Ondoa punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizonyauka, zilizovunjika na zilizobunguliwa na dumuzi. Karanga nazo vivyo hivyo, moja moja. Watoto wakubwa wanaweza kusaidia, kisha wanawe mikono.

2. Pima ukavu. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa kwa dakika chache, uiache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Yaanike juu ya turubai au mkeka safi, si juu ya udongo.

3. Hifadhi vizuri. Weka gunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja. Nunua kiasi cha kutosha kwa muda mfupi.

4. Fikiri juu ya dona. Tumekuwa tukiwasifia dona kwa ubora wake, na bado tunaisifu. Lakini sumu nyingi hukaa katika ganda na kiini, vinavyotoka wakati wa kukoboa. Anayekula dona achambue mahindi yake kwa makini zaidi. Asiyeweza kuchambua ni afadhali akoboe.

5. Uji wa mtoto. Mpe mtoto maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Baada ya hapo, usitegemee mahindi na karanga kila siku. Badilisha kwa ulezi na mchele, ambavyo kwa kawaida havishambuliwi sana, na utie maharage, dagaa au yai. Ukinunua unga wa lishe, chagua wenye alama ya ubora ya TBS. Ni bora zaidi kununua nafaka nzima, kuichambua na kusimamia usagaji mwenyewe.

Kula mchanganyiko ni kinga ya kweli. Huko Qidong, China, watu walipoacha mahindi na kula mchele kuanzia miaka ya 1980, sumukuvu mwilini mwao ilipungua sana, na vifo vya saratani ya ini vikapungua.

Punje mbovu ziende wapi?

Hapa ndipo penye mtihani. Maisha ni magumu, na kutupa kilo mbili za mahindi kunauma. Wengine huwapa kuku, wengine huwapa ng'ombe, wengine huuza kwa bei nafuu. Kuku hudhoofika na kupunguza kutaga. Ng'ombe huitoa sumu katika maziwa, na maziwa hayo hunywewa na watoto. Watafiti waliopima maziwa na vyakula vya ng'ombe mkoani Singida walikuta sumukuvu katika vyote viwili. Na mahindi ya bei nafuu hununuliwa na nani? Na yule asiye na fedha ya kununua mazuri, ambaye mtoto wake tayari ni dhaifu.

Kwa hiyo punje mbovu zifukiwe shimoni, mbali na mifugo. Afadhali familia ipoteze sahani moja ya mahindi kuliko kuipeleka hasara hiyo kwenye sufuria ya jirani. Mwenye swali afike kliniki siku ya kupima watoto, tutazungumza.