Je, Wajua? Meya wa Kaunti Hamwamrishi Sherifu

Je, wajua kwamba Kane, yule mwanamieleka mrefu wa barakoa aliyeanza kuwatisha watazamaji wa televisheni mwaka 1997, amewahi kuchaguliwa kuwa meya? Jina lake halisi ni Glenn Jacobs. Mei 2018, katika kura za mchujo za chama cha Republican katika Kaunti ya Knox, jimbo la Tennessee, Marekani, aliponea chupuchupu: alimpita mpinzani wake kwa kura 23 tu. Agosti akashinda uchaguzi wenyewe, na mwaka 2022 akarudishwa.

Je, wajua kwamba Knoxville, mji mkubwa wa kaunti hiyo, una meya wake mwingine kabisa? Mkazi wa mjini huwachagua wote wawili na hulipa kodi ya nyumba na ardhi kwa serikali zote mbili. Kwetu hilo ni geni. Tanzania, meya huchaguliwa na madiwani wenzake. Kenya, mameya waliondoka mwaka 2013 walipoingia magavana wa kaunti 47.

Meya wa Knox huandaa bajeti, na hiyo ndiyo kazi yake nzito kuliko zote. Madiwani 11 wa kaunti huijadili, huipitisha na kupanga kiwango cha kodi. Barabara za kaunti, idara ya afya, maktaba na bustani za umma ziko chini ya meya. Lakini sherifu anayeongoza askari na jela amechaguliwa na wananchi kwa kura tofauti. Vivyo hivyo karani wa kaunti, mtunza hazina, msajili wa hati za ardhi na mthamini wa mali. Shule nazo zina bodi yake iliyochaguliwa. Meya hawezi kumfukuza kazi hata mmoja wao. Mwananchi aliyeonewa na askari akimlilia meya, amegonga mlango usio wake. Naona ni haki mgombea yeyote alieleze hilo waziwazi kabla ya kuomba kura.

Je, wajua kwamba cheo hiki cha meya wa kaunti hakina umri mkubwa? Kaunti nyingi za Tennessee zilianza kukitumia mwaka 2003. Kabla ya mabadiliko ya katiba ya 1978, kaunti nyingi za huko ziliongozwa na jaji aliyesikiliza kesi na kusimamia fedha za umma kwa pamoja.

Na kura ya turufu? Kwa sheria ya Tennessee meya anaweza kukataa azimio la madiwani, ila wao hulifufua kwa wingi wa kawaida wa kura. Miami-Dade, kaunti yenye watu wengi kuliko zote Florida, meya ana nguvu zaidi: kumshinda kunahitaji theluthi mbili ya madiwani waliohudhuria. Meya Carlos Alvarez alipigania pia nguvu zaidi za kiutendaji, na wapiga kura wakazikubali mwaka 2007. Alipopandisha kodi huku mishahara ya watumishi ikiongezwa, watu hao hao walimng'oa Machi 2011 kwa takriban asilimia 88 ya kura.

Kaunti hiyo ilikuwa imefuta usherifu mwaka 1966, na kwa miongo mingi polisi walikuwa chini ya uongozi wa kaunti. Mwaka 2018 Wanaflorida walibadilisha katiba ya jimbo, na Januari 2025 askari wa Miami-Dade wakaondoka mikononi mwa meya, wakaenda kwa sherifu aliyechaguliwa.